Pedali ya ekspresheni inachelewa, halafu inaruka mwishoni. Nianzie wapi?

SoloIgoma

Wakuu, habari za mchana. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya hapa Igoma, Mwanza. Nina multi ya efekti ya kukanyaga (mashine moja yenye efekti nyingi za sauti) yenye tundu la pedali ya nje, na pedali ya ekspresheni niliyoinunua mkononi kwa mpigaji mwenzangu aliyehamia Geita.

Kazi ninayoitaka ni moja. Kuna wimbo wetu unaoanzwa na alto peke yao, na gitaa linatakiwa liingie chini yao taratibu, lisisikike limeingia saa ngapi, bila ile "ting" ya kidole kugonga waya. Unapiga nyuzi pedali ikiwa imefungwa, kisha unaifungua kwa mguu. Ukisikia mtu anayejua kuifanya, gitaa linaacha kuwa gitaa, linaimba na wale akina mama.

Sasa pedali yangu inakataa. Kisigino kikiwa chini, sauti ni sifuri, sawa. Nikianza kukanyaga mbele, mpaka nusu ya mwendo hakuna cha maana: namba kwenye skrini inatambaa kutoka 0 hadi 12 au 13. Halafu vidole vikikaribia kugusa chini, ghafla inapanda hadi 100 na gitaa linawarukia waimbaji. Tena nikiutuliza mguu pale katikati, namba haikai: 11, 14, 12, 15.

Kwa sasa nazungusha volyumu ya gitaa kwa kidole kidogo, lakini mkono ukishughulika na kitufe unashindwa kutembea kwenye nyuzi inavyotakiwa. Mwisho wa mwezi tunavuka kwenda Nansio kuimba, na ningependa wimbo huu tuupeleke kama ulivyotungwa. Nataka nijue ugonjwa kabla sijaenda kwa fundi. Ukifika na kifaa hujui kinaumwa nini, unabadilishiwa kila kitu.

BesiNyegezi

Mkuu, anza na waya. Wengi wanachomeka waya wa gitaa wa kawaida, ambao ni mono. Pedali nyingi za ekspresheni zinataka stereo. Tazama jeki yenyewe: mstari mweusi mmoja ni mono, miwili ni stereo.

SoloIgoma

Ni miwili, kaka, pande zote mbili. Na nimeazima waya mwingine wa stereo kwa kijana wa miksa, matokeo ni yale yale.

KinandaMusoma

Kaka, mimi ni mpiga kinanda, lakini pedali ni ndugu. Ingia kwenye mipangilio ya multi uone lile tundu limewekwa kama nini. Mashine nyingi tundu hilo hilo hupokea pia swichi ya mguu, na likiwa limeachwa kwenye swichi, pedali yako inakuwa ya kuwasha na kuzima tu: 0 au 100, katikati hakuna kitu. Ya kwako inatoa 12, 13, kwa hiyo nadhani iko kwenye ekspresheni, ila hakikisha.

Pia fanya kalibresheni. Mashine itakuambia uweke kisigino chini, uthibitishe, kisha vidole chini, uthibitishe. Bila hivyo haijui mwanzo na mwisho wa mguu wako.

SoloIgoma

Asante dada. Iko kwenye ekspresheni, na kalibresheni nimefanya. Mwanzo na mwisho inavikubali vizuri kabisa, 0 na 100. Tatizo ni njia ya kati.

FundiPasiansi

Vijana, habari zenu. Nimesoma yote, na huyu bwana ameeleza vizuri, tena ameweka namba. Ngoja niwape ninavyoisoma mimi, maana pedali hizi zinaumwa magonjwa machache na kila moja lina dalili yake.

Ndani ya pedali ya ekspresheni hakuna maajabu. Kuna voliumu moja, kama ya redio, yenye miguu mitatu ya chuma ya kuchomea waya, inayozungushwa na meno au kamba unapokanyaga. Jeki ya stereo ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Kwa mpangilio wa Roland na wengi wanaoufuata, multi inapeleka umeme mdogo kwenye pete, shina ni ardhi, na ncha inarudisha kiasi kilichochotwa na mguu wa kati wa voliumu. Multi inapima huo umeme wa ncha na kuugeuza kuwa namba. Sauti ya gitaa haipiti humo kabisa.

Ukichomeka waya wa mono, pete inagusana na shina, ule umeme unaishia ardhini na pedali inakuwa kimya moja kwa moja. (Line 6 wao pedali zao zimetengenezwa kwa mono, lakini hiyo ni habari nyingine.) Dalili yako si hiyo.

Ugonjwa wa pili ni ncha na pete kupishana. Yamaha wanaweka mguu wa kati wa voliumu kwenye pete, Roland kwenye ncha. Ukichanganya pedali ya mmoja na mashine ya mwingine, mara nyingi inajaa mapema: unainua kisigino kidogo tu namba imeshakimbia, na mwendo wote uliobaki hauongezi kitu. Wewe yako ni kinyume. Inalala mwanzo, inaamka mwishoni. Hapo ndipo mimi nimesimama.

Naomba tafuta mita, uiweke kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani (k ni elfu). Chomoa waya upande wa multi, upande wa pedali uache. Pima pete na shina huku unakanyaga. Kisha pima ncha na shina, kisigino chini, katikati, vidole chini. Leta namba tatu hizo. Halafu fungua skrubu za chini uniambie mgongoni mwa voliumu pameandikwa nini.

SoloIgoma

Shikamoo mzee. Nimeazima mita kwa jirani anayetengeneza simu.

Pete na shina: 9.7k, nikikanyaga haibadiliki.
Ncha na shina: kisigino 0, katikati 1.3k, vidole chini 9.6k. Hapo katikati mita nayo inatetemeka kidogo.

Nimefungua. Pameandikwa A10K. Na lehemu za miguu mitatu hazifanani na zile za kwenye jeki, hizi ni nene na zimechafuka pembeni.

FundiPasiansi

Marahaba. Basi tumeiona. Waya mzima, jeki nzima, multi nzima. Voliumu si ya hapo. Kuna fundi aliyetangulia aliibadilisha akaweka ya redio, na lehemu hizo ndizo ushahidi.

Ile herufi ina maana. Kwa voliumu nyingi tunazozipata siku hizi, B ni ya mstari ulionyooka: ukifika nusu ya mzunguko unapata nusu ya omu, yaani 10k inakupa 5k. A ni ya sauti: nusu ya mzunguko inakupa kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo, kisha nyingine zote zinakuja kwa kasi mwishoni. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu sikio letu haliongezi ukubwa wa sauti kwa hatua sawa na umeme. Kwenye redio A ndiyo sahihi, ukiweka B sauti inajaa mara tu unapoanza kuzungusha.

Lakini multi haisikilizi, inahesabu. Inataka nusu ya mguu iwe nusu ya namba, hiyo mikunjo ya sikio inaifanya yenyewe ndani. Kwa hiyo wewe umekunjiwa mara mbili. Tazama: 1.3k katika 9.7k ni kama 13 kwa mia, na skrini ilikuambia 12, 13.

Kutetemeka ni uchafu kwenye njia ya kaboni ndani ya voliumu. Ingekuwa B ningekuambia upulize spirei ya kusafishia vifaa vya umeme na kuizungusha mwanzo hadi mwisho mpaka itulie. Mafuta ya kulainishia kufuli usiyaweke humo kamwe, yanabaki na kukusanya vumbi. Kwa kuwa inatoka, usihangaike nayo.

Tafuta B10K kwenye maduka ya vipuri vya redio. Nenda na mita na ile ya zamani mkononi. Weka mpya katikati ya mzunguko na pima mguu wa kati na wa pembeni: ikisoma karibu 5k, lipa. Ikisoma 1k na kitu, rudisha hata kama imeandikwa B. Angalia na mhimili wake, urefu na umbo, maana gia lazima ikae bila kucheza.

Piga picha kabla hujachomoa waya. Mguu wa kati ndio unaokwenda kwenye ncha ya jeki. Na wakati wa kurudisha gia, fanya hivi: pedali iwe kisigino chini kabisa, voliumu izungushe hadi mwisho wake wa sifuri, kisha irudishe kidogo sana kabla ya kukamatisha meno. Kazi ya kusimamisha mguu ni ya ule mpira chini ya pedali. Ukiiachia voliumu ibebe uzito wako, itavunjika ndani na utarudi tena mwanzo. Ukishafunga, fanya kalibresheni upya, ile ya zamani haifai tena.

BesiNyegezi

Mzee, na kama B10K haipatikani, B50K haiwezi kufanya kazi?

FundiPasiansi

Mashine nyingine zinaikubali, hasa baada ya kalibresheni, nyingine zinaisoma vibaya. Soma kitabu cha multi yako kinataka omu ngapi. Hapa 10k ipo, hakuna sababu ya kubahatisha.

SoloIgoma

Nimerudi wakuu. Duka la kwanza walinipa B, nikapima ikasoma 1.2k mbele ya muuzaji, naye akashangaa kweli. Nyingine tuliyochomoa kwenye boksi lingine ikasoma 4.9k. Jirani wa simu kanichomea.

Skrini sasa: kisigino 0, katikati 48, vidole chini 100, na mguu ukitulia namba inatulia. Jana mazoezini nimeingia chini ya alto, na mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo kuuliza kinanda kimewashwa na nani. Kinanda kilikuwa kwenye mfuko wake. Mzee, wabheja sana. Umenifundisha kupima, na nitakuwa nabeba mita.

KinandaMusoma

Hongera kaka! Mzee, samahani, shikamoo. Ile dalili yako ya kujaa mapema ni ya kwangu kabisa. Pedali ni Yamaha FC7, kinanda ni Roland. Nikinyanyua kisigino kidogo tu, ile sauti ya nyuzi ya kinanda iko juu. Nikate waya wa pedali nibadilishe?

FundiPasiansi

Marahaba mwanangu. Usiukate, pedali haina kosa. Tengeneza waya mfupi wa kiungo: jeki ya stereo dume upande mmoja, jike upande wa pili. Shina kwa shina, ncha ya huku iende pete ya kule, na pete iende ncha. Zima kinanda kabla ya kuchomeka. Na kibandike kikaratasi hicho kiungo, maana mtu akikichukua akidhani ni waya wa kawaida wa kuongezea urefu, atahangaika siku nzima.