Laptop inatumia kadi dhaifu ya grafiki, nataka kuovakloki ile kubwa bila kuiunguza

Mchoraramani_Iyumbu
Wakuu, habari za jioni. Dada yenu nachora ramani za nyumba hapa Dodoma. Tangu serikali ihamie huku, kila mwenye kiwanja Nala au Ihumwa anataka aione nyumba yake kwenye picha kabla hajashusha hata lori moja la kokoto. Laptop yangu ni ya mtumba, Core i5 yenye grafiki ya Intel humo humo ndani, na kadi kubwa ya grafiki, Nvidia GTX 1650 ya GB 4. Kurenda sebule moja, yaani kuitoa picha kamili kwenye programu ya Blender, ni saa tatu! Nikibonyeza Ctrl, Shift na Esc naiona Nvidia imelala, asilimia 2. Feni inalia kama mashine ya kusaga. Nimeambiwa niovakloki, yaani niipandishe kadi kasi kuliko ya kiwandani. Naomba mwongozo wa taratibu, hii ndiyo jembe langu, na mteja wa Ijumaa ameshatoa advansi.

Kijiwe_Area_C
Uza, ongeza hela, nunua deskitopu. Umemaliza.

FundiMajengo
Huyo mwache, dada, hela ya kuongeza hajakupa.

Hiyo asilimia 2 isikutishe. Laptop nyingi za aina yako skrini imeungwa kwenye Intel: Nvidia anapika, Intel anapakua mezani. Mfumo huo wa Nvidia ndiyo Optimus, upo tangu 2010. Halafu grafu unayoiona pale inapima kazi za 3D, wakati Blender ikirenda kwa Cycles, injini yake ya kutoa picha, inapitia CUDA, njia ya Nvidia ya kuipa kadi mahesabu, kwa hiyo kadi inaweza kuwa inatoka jasho na grafu isiseme kitu. Ingia mipangilio ya jumla ya Blender, sehemu ya mfumo, weka tiki kwenye CUDA na kwenye jina la 1650. Kisha kwenye mradi wenyewe, chini ya Cycles, toa prosesa uweke GPU, yaani hiyo kadi. Ukisahau kimojawapo, hata ufanye nini kwenye Windows itarenda kwa prosesa. Mipangilio ya grafiki ya Windows inazifaa programu nyingine: unaiongeza programu pale, unaichagulia utendaji wa juu.

Ovakloki ngoja kwanza. Kadi ya laptop ikikaribia nyuzijoto 90 inajipunguza kasi yenyewe, kwa hiyo ukiipandisha ikiwa na vumbi itakimbia dakika mbili, kisha ishuke chini ya pale ilipoanzia. Nafungua mashine za mji huu kila siku. Kati ya feni na mapezi ya shaba unakuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, hasa miezi ya upepo kabla ya mvua. Na huku tuko juu ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, hewa yetu nyepesi kuliko ya Dar, feni inahangaika zaidi kuondoa joto lile lile. Ukisafisha, shika feni kwa kidole isizunguke ndipo upulize na blowa. Niliwahi kuiachia ivume, nikamlipa mteja feni mpya. Paka na pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa na kadi.

Chaja yako imeandikwa nini?

Mchoraramani_Iyumbu
Fundi!! Kumbe miezi yote hii ilikuwa prosesa. Sebule imetoka dakika 41. Lakini betri inashuka huku nimechomeka. Chaja inasema 19.5V, 4.62A. Ile ya mwanzo iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo.

FundiMajengo
Zidisha hizo: wati 90. Za 1650 mara nyingi huja na 120 mpaka 150, ndiyo maana betri inachangia. Tafuta ya 19.5V, 7.7A, na pini iingie sawasawa. Ampea zikizidi hakuna neno, laptop inavuta inachotaka. Volti zikizidi utakuja kwangu unalia.

Ukiipata ndipo uguse MSI Afterburner, programu ya kuovakloki kadi. Kasi ya kadi +50 (ni MHz), renda nusu saa ukitazama joto, kisha +25 kwa +25. Ukiona vidoti vya ajabu kwenye picha, au skrini imekuwa nyeusi, rudi nyuma 50. Usiiruhusu Afterburner iweke kasi hiyo yenyewe Windows ikiwaka, mpaka uiamini. Ikigoma, unazima na kuwasha, inarudi ilivyokuwa.

Kijiwe_Area_C
Mi napunguza volti za kadi kwa Ctrl na F humo humo Afterburner, inafungua grafu ya volti na kasi. Kasi ile ile, joto chini.

FundiMajengo
Hapo umesema la maana leo. Ila kuna laptop zimefungwa volti, jaribu uone.

Mchoraramani_Iyumbu
Mrejesho. Chaja ya wati 150 nimepata, vumbi limetoka kiganja kizima. Sebule dakika 29, joto 76. Nimeweka +75: dakika 28, joto 82. Kwa dakika moja hiyo nimeirudisha sifuri mpaka Ijumaa ipite. Mteja mwenyewe kanipigia sasa hivi, bati alizotaka za bluu anataka ziwe za maruni.