Kengele inalia saa 10:30 alfajiri, naizima bila kujijua. Nirekebishe wapi?

Binti_wa_Chanika

Wakuu, salaam. Natafuta ushauri wa mtu anayelijua hili jambo, "jitahidi tu" nimeshaisikia ya kutosha.

Natakiwa kituoni saa 11:15 alfajiri, nikipitwa na muda huo foleni ya barabara ya Nyerere inanila. Kwa hiyo kuamka ni saa 10:30. Usingizi unanipata kwenye saa 6 usiku. Nikijilaza saa 3 macho yanabaki makavu. Jumamosi na Jumapili naamka mwenyewe saa 3 asubuhi. Nina kengele tano kwenye simu, zinapishana dakika tano tano, nazizima zote usingizini. Kuna siku hazilii kabisa. Saa 10 jioni kazini nakunywa kopo la enaji, na chai usiku baada ya kula. Chumba nalala na mdogo wangu anayeamka saa 12, kwa hiyo king'ora cha kuamsha mtaa hakifai.

Nianzie wapi?

FundiSimu_Ilala

Dada, hapo kuna mambo mawili yamechanganyika. Kengele isiyolia ni ugonjwa wa simu. Kengele inayolia ukaizima ni ugonjwa mwingine, wenzangu watausemea.

Weka simu kwenye mfumo wa masaa 24. Saa 10:30 alfajiri ni 04:30. Kwenye mfumo wa masaa 12 watu huandika 4:30 ikabaki PM, simu ikalia jioni ndani ya daladala. Wengine huandika 10:30 kwa kuwa ndivyo wanavyoitamka, ikalia saa nne na nusu asubuhi. Angalia pia siku za kujirudia: kengele isiyochaguliwa siku hulia mara moja tu, kesho yake imejizima.

Kama kengele ni ya programu uliyopakua, simu nyingi za Android huiua usiku ili kubana chaji. Tumia saa iliyokuja na simu. Ukiing'ang'ania ya kupakua, ingia Mipangilio, Programu, iteue, nenda Betri uiondolee vikwazo. Kuanzia Android 12 hakikisha pia imeruhusiwa kuweka kengele na vikumbusho. Zile programu za "kusafisha simu" na "kuongeza kasi" zing'oe kabisa. Kazi yake ni kufunga vitu vinavyosubiri, na kengele ni kitu kinachosubiri.

Sauti ya kengele ina kitelezi chake, tofauti na cha muziki na cha mlio wa simu. Na kwenye hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb), kengele ziwe kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa.

Kujaribu kwa kutega dakika tano mbele hakuthibitishi kitu, maana mbano wa betri huanza simu ikiwa imelala muda mrefu bila kuguswa wala kuchajiwa. Siku ya mapumziko iache mezani bila waya masaa manne, kengele imetegwa mwishoni. Ikilia, iamini.

Kisha nunua akiba: saa ya mezani ya mishale, ile ya betri moja ya AA. Simu janja nyingi chaji ikiisha kengele haipo, na umeme ukikatika usiku ndiyo basi. Ila saa hiyo ina tabia mbili. Mshale wa kengele hukosea dakika tano hadi kumi, kwa hiyo uzungushe taratibu hadi usikie inapolia kweli, ndipo uuache hapo. Na kwa kuwa haitofautishi mchana na usiku, kitufe kikibaki wazi italia saa 10:30 jioni pia. Ifungue unapopanda kitandani.

Zamu_ya_Usiku

Fundi kamaliza lake. Sasa hesabu.

Saa 6 usiku hadi saa 10:30 ni masaa manne na nusu. Mtu mzima anahitaji saba hadi tisa. Hakuna kengele inayolipa deni la masaa mawili na nusu kila usiku. Ubongo ulioamshwa katikati ya usingizi mzito huchukua dakika 15 hadi 30, mwenye deni kubwa hata saa nzima, kabla sehemu ya maamuzi haijachangamka. Mkono unawahi akili, ndiyo maana unazima bila kujijua. Na kengele tano zinaharibu zaidi: zinakata vipande dakika zako 20 za mwisho, halafu zinakufundisha kwamba nne za kwanza hazina maana. Bakiza mbili, 04:30 na 04:35, ya pili iwe mbali na kitanda kiasi kwamba lazima usimame.

Sasa kwa nini saa 3 macho makavu. Masaa mawili matatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaoamua ulale na uamke lini, husukuma uchangamfu juu kabisa. Kwako ni kati ya saa 3 na saa 5 usiku. Kujilaza hapo kwa nguvu ni kujifunza kukesha kitandani. Na kila wikiendi ukilala hadi saa 3 asubuhi unaichelewesha saa hiyo ya mwili, Jumatatu unaanza upya.

Fanya hivi. Muda wa kuamka usiguswe: 04:30 siku za kazi, na wikiendi mwisho saa 11:30 alfajiri. Hili ndilo gumu kuliko yote na ndilo linalobeba mengine, ukilivunja hayo mengine ni mapambo. Muda wa kulala uwahishe dakika 15 kila baada ya siku mbili: saa 5:45, kisha 5:30, hivyo hivyo mpaka saa 3:30 usiku. Ni hatua kumi, kama wiki tatu. Ukilala macho kwa kitu kama dakika 20, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukikuita. Usiangalie saa.

Wiki ya kwanza utachoka. Mchana unaruhusiwa kujilaza dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, na kengele imetegwa. Ukivuka nusu saa unaingia usingizi mzito, utaamka mzito zaidi na usiku utakosa. Kama unaendesha pikipiki au gari, siku hizo panda daladala.

Mwanga ndio usukani wa saa ya mwili, lakini wengi huushika vibaya. Dar jua hutoka kati ya saa 12 kasoro kidogo (Novemba) na saa 12:35 hivi (Julai), kwa hiyo saa 10:30 ni giza mwaka mzima, na ushauri wa "fungua pazia" haukuhusu. Ni vizuri kujua pia kwamba joto la mwili hufika chini kabisa masaa mawili hadi matatu kabla ya muda unaoamka mwenyewe. Mwanga mkali ukiupata baada ya hapo unakuvuta uamke mapema. Ukiupata kabla yake unakusukuma uchelewe. Wewe mwenyewe unaamka saa 3, maana yake kizingiti chako, pale joto linapofika chini kabisa, ni kama saa 12 hadi saa 1 asubuhi. Kwa hiyo wiki ya kwanza jiandae kwa taa ndogo, halafu kuanzia saa 1 pata jua la nje dakika 20 hadi 30, bila miwani ya giza. Kushuka kituo kimoja kabla na kutembea kunatosha. Kadiri unavyoamka mapema ndivyo kizingiti nacho kinavyosogea; wiki ya tatu washa taa kubwa mara tu unapoamka.

Usiku ni kinyume. Kuanzia saa 2 zima taa nyeupe ya darini. Soma boksi la balbu: iliyoandikwa 6500K ni ya mchana, chukua ya 2700K au 3000K, wati chache, iwe chini ya usawa wa macho.

Kafeini: kopo la ml 250 la enaji huwa na takriban mg 80. Nusu yake hutoka mwilini kwa kama masaa matano, kwa hiyo kopo la saa 10 jioni bado lina mg 40 ndani yako saa 3 usiku, hapo hujahesabu chai. Mwisho wa kafeini iwe saa 6 mchana. Ukizoea kunywa kila siku, ipunguze kwa siku tatu nne, ukikata ghafla kichwa kitauma.

Chakula cha usiku mwisho saa 1:30, oga maji ya uvuguvugu saa moja hivi kabla ya kulala ili joto la mwili lishuke, feni ielekezwe kitandani ndani ya neti.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu, fuata hayo wiki nne. Ukilala masaa saba kamili na bado unaamka kama umepigwa, tatizo si nidhamu, nenda ukapimwe.

Muulize mdogo wako kama unakoroma kwa nguvu, kisha kimya, kisha unashtuka kama mtu anayetafuta pumzi. Huko ni kukatika pumzi usingizini. Dalili zake nyingine ni kichwa kuuma asubuhi, mdomo mkavu, presha, na shingo nene, zaidi ya sentimita 40 ukiizungushia futi ya fundi cherehani. Kunathibitishwa kwa kipimo cha usingizi na kuna tiba.

Pima wingi wa damu: mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu, na hedhi nzito ndiyo sababu inayosahaulika. Daktari anaweza kuongeza kipimo cha tezi la shingo. Kama kwa wiki mbili umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda, mwambie na hilo.

Angalia dawa. Vidonge vya mafua na mzio vyenye klofeniramini, hivi ambavyo watu hunywa ili "walale vizuri", hukaa mwilini muda mrefu. Cha saa 5 usiku bado kinakulevya alfajiri. Dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache mwenyewe, muulize kama inaweza kunywewa mapema jioni. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kafeini hutoka mwilini taratibu, karibu mara mbili ya muda uliotajwa hapo juu. Kwako hata ya saa 6 mchana ni nyingi.

Mwana_Upanga

Mnampa mtu wiki tatu za hesabu wakati msikiti upo! Azana ya alfajiri inatosha.

Zamu_ya_Usiku

Azana inafuata jua, basi la Chanika linafuata ratiba. Kwa Dar, alfajiri inasogea zaidi ya nusu saa kati ya Novemba na Julai, na miezi mingi inaingia baada ya muda ambao dada anatakiwa awe ameshaoga. Ni ishara nzuri ya kuangalia kama umechelewa, lakini kengele si hiyo.

Binti_wa_Chanika

Asanteni sana. Mawili ya mwisho. Zile programu za kuhesabu mizunguko ya dakika 90, nizifuate? Na mdogo wangu nimkwepeje?

Zamu_ya_Usiku

Dakika 90 ni wastani. Mzunguko mmoja unaweza kuwa 70, mwingine 120, kwa mtu huyo huyo usiku huo huo. Ukikata nusu saa ya usingizi ili "uangukie mwisho wa mzunguko" umetupa usingizi wa uhakika kwa kubahatisha.

FundiSimu_Ilala

La mdogo wako: bangili janja ya kutetemeka, mkono usioandikia, 04:30. Ifunge ishike ngozi, ikilegea hutaisikia. Kwenye programu yake chagua kuzima kwa kubonyeza muda mrefu kama ipo, maana kugusa mara moja utazima kama ulivyozoea. Saa ya mezani ya 04:35 iweke nje ya mlango wa chumba, mlango umeegeshwa, juu ya kigoda chenye kanga iliyokunjwa ili isitingishe. Ukiwahi kuamka na bangili, unaifunga saa kabla haijalia, na mtoto hajui kitu. Bangili ichaji jioni ukiwa unaoga, kila siku. Usisubiri ikuonye, maana huonya usiku wa manane.