Uzio gani unafaa kwa bustani ya mboga nyumbani? Mbuzi na kuku wa majirani wananimaliza

Mama Bustani (Kibaha)
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nna kiwanja cha 20 kwa 25 huku Kibaha, nyuma ya nyumba nimelima mchicha, matembele, bamia na nyanya kidogo, eneo kama mita 12 kwa 8 hivi. Sasa mbuzi wa jirani wameshaingia mara tatu mwezi huu na kuku ndo kila siku, wanafukua mpaka mbegu. Jirani mwenyewe ni mtu mzuri tu tunaelewana sitaki ugomvi. Ukuta wa tofali kuzunguka kiwanja chote siuwezi kwa sa hivi. Fundi mmoja kaniambia niweke seng'enge (waya wa miiba) mistari mitano nimemaliza, mwingine anasema nipande michongoma. Na nna watoto wadogo wawili wanacheza huko huko nyuma. Nifanyeje?

Fundi nyavu
Dada usiweke seng'enge kwa ajili ya kuku, utatupa hela. Seng'enge inazuia ng'ombe, kuku anapita katikati ya mistari kama hamna kitu na mbuzi mdogo anajipenyeza chini, afu watoto ndo wanaochanika. Halafu kwa nini uwaze kiwanja chote? Kuzunguka 20 kwa 25 ni mita 90, ila bustani yenyewe ya 12 kwa 8 ni mita 40 tu. Anza na hiyo mita 40, weka wavu vizuri, kiwanja kizima kitakuja baadae Mungu akijalia.

Ukienda dukani uliza geji ya waya, yani unene wake, na wengi hawajui kwamba namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba, yani geji 16 ni nyembamba kuliko geji 12. Ule wavu wa kuku wa matundu madogo peke yake mbuzi akiuegemea unalala, so mimi huwa naweka wavu mzito wa matundu makubwa kuanzia chini mpaka juu, afu futi 2 za chini naongezea wavu wa kuku, nafunga kwa bainding waya, ule waya laini wa kufungia. Nguzo za futi 7, futi 2 ziingie ardhini, kila baada ya mita 2, kwa hiyo nguzo kama 20. Za kona ziwekee mhimili wa mshazari maana ndo zinazovutwa, kona ikilala wavu wote unalegea. Zile mirunda (nguzo za miti) za mikaratusi mchwa anazila haraka sana, pakaa oil chafu chini kabla hujasimika.

Mkulima wa Moro
Namheshimu fundi ila hapo kwenye oil chafu sikubaliani, hiyo ni bustani ya chakula na mchicha unaota hapo hapo pembeni ya nguzo, kwa nini umwage oil ya gari kwenye udongo unaolisha watoto? Kama hela ipo weka nguzo za zege. Kama haipo tumia mti wa gilirisidia, unakata fimbo mbichi za mita 2, unazisimika masika yanapoanza zinachipua zenyewe, na mti ulio hai mchwa hausumbui sana kama mti mkavu. Subiri zishike mizizi vizuri ndo ufunge wavu. Machipukizi ya juu unakata unatandaza kwenye matuta, mbolea nzuri sana, mimi sijanunua mbolea ya dukani kwa mchicha muda mrefu.

Wa Thika
Huku kwetu Kenya kwa fensi ya miiba kama hiyo tunapanda kayaba, na ni fensi ya maana sana, ikishika hata mbwa hapiti. Lakini dada ujue inachukua kama miaka miwili mitatu ndio ifunge, na lazima uikate kila mara ama itakuwa msitu. Panda kila futi moja, na uache kama mita moja kutoka kwa mboga juu mizizi yake inakunywa maji yote. Miiba ikianguka ni mirefu na watoto wako wanakanyaga huko peku. Mimi ningeweka upande wa barabara tu, si kwa bustani.

Bibi Shamba
Mwanangu, mtu asikudanganye upande minyaa kwa kuwa ni rahisi na mbuzi hali. Ni kweli ni uzio wa zamani, hata ziwa Manyara linasemekana jina lake limetoka kwenye emanyara ya Wamaasai, ndo mnyaa huo wa kuzungushia boma. Lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa, na watoto wanapenda kuvunja vunja matawi. Na mbono kaburi nao uache, mbegu zake ni sumu na zinafanana na karanga kwa macho ya mtoto. Kabla hujachimba shimo hata moja muite jirani na mjumbe muangalie bikoni (alama za mpaka) pamoja, maana uzio ukipita mpaka hata kwa nusu mita huo uelewano wenu utaisha.

Mama Bustani (Kibaha)
Asanteni sana jamani, nimeelewa. Nafanya mita 40 kwanza kwa wavu wa matabaka mawili, kona nne nguzo za zege, katikati gilirisidia masika yakianza, na jumapili namuita jirani tukaangalie bikoni. Sasa mlango je, niutengeneze wa mbao?

Fundi nyavu
Mbao au bomba vyote sawa, ila chini ya mlango mwaga kizingiti cha zege hata cha inchi 4, kuku wote huwa wanaingilia hapo. Na uache upana toroli lipite.