Bitana laini ya meno bandia ya chini, akriliki au silikoni?

binti_majengo
Salaam aleikum wanajamvi. Mamangu ana meno bandia ya kuvua, juu na chini. Ya juu hayana tabu kabisa, ya chini ndio yanamchoma mpaka wakati wa kula anayavua anayaweka kando ya sahani anamalizia mbaazi na mahamri kwa fizi. Daktari kamwangalia akasema mfupa wa chini umekwisha, umebaki mwembamba tena una ncha, kwa hivyo atamtilia bitana laini kama mpira kwa ndani. Kuna ya akriliki bei nafuu na ya silikoni bei juu. Tofauti ni ipi jamani, na zinakaa muda gani? Mamangu ashachoka kutoa pesa.

fundi_pleti
Waaleikum salaam dada. Mie nafanya maabara ya meno hapa mjini. Pleti, yaani yale meno bandia yenyewe, ni akriliki ngumu, aina ya plastiki. Bitana ya akriliki ni jamii hiyo hiyo ila imetiwa dawa ya kulainisha, sasa ile dawa inatoka kidogo kidogo na mate, baada ya miezi kadhaa mama atapitisha ulimi asikie imekuwa ngumu na inakwaruza. Uzuri wake inashikana na pleti sawasawa. Silikoni haina dawa ya kutoka, inabaki laini mwaka na zaidi ikitunzwa, lakini kwa akriliki haishiki mpaka ipakwe gundi yake maalum, na ikianza kubanduka huanzia ukingoni, uchafu unaingia humo basi hiyo harufu usiseme. Pia unene uwe kama milimita 2 hadi 3, pungufu ya hapo mama hatosikia nafuu yoyote, na ili tupate hiyo nafasi lazima pleti ikwanguliwe, ikiwa tayari ni nyembamba inaweza kukatika katikati. Muulize daktari kama ataifanya palepale kitini au ataileta maabara ipikwe, yaani igandishwe kwa joto, maana ya kupikwa ndio hudumu.

mlikoni_damu
Na muwe macho kuna aina ya tatu!! Babu yangu aliwekewa ile ya muda, ya kutuliza vidonda, ambayo inafaa ibadilishwe baada ya siku chache au wiki moja hivi, sasa huko kliniki hakuna aliyemwambia, akakaa nayo miezi, ikawa ngumu ina vitundu, fizi nyekundu pyu, kumbe fangasi.

bi_mkubwa_mjikale
Mwanangu mwambie mama asilale nayo, usiku aiweke kwenye maji ya kawaida. Ya moto hapana, jiki hapana, na brashi iwe laini mno au atumie kidole na sabuni. Vile vidonge vya kusafishia meno bandia aulize kwanza, vingine vinaharibu hizi laini. Mie yangu ya silikoni naitunza hivyo na mishkaki nala, ya kulainika lakini 😄

binti_majengo
Asanteni sana, bibi shikamoo. @fundi_pleti hii pleti ni ya zamani na inacheza cheza akiongea, bitana itaibana?

fundi_pleti
Hapo ndipo pesa zinapopotea dada. Bitana inapunguza maumivu, pleti inayocheza haiwi mpya kwa sababu ya bitana. Kwanza daktari aangalie meno ya juu na ya chini yanavyokutana, yakiwa yamelika vibaya bora mfanye seti mpya, bitana baadaye. Kama mngekuwa na uwezo kuna vipandikizi viwili, kama skrubu zinazopachikwa kwenye mfupa wa taya, vya kuishikilia pleti ya chini, wataalamu walikutana chuo cha McGill kule Kanada mwaka 2002 wakasema hiyo ndio iwe chaguo la kwanza kwa asiye na jino hata moja, ila bei yake kwetu huku twaijua wenyewe. Na kabla ya kwenda kuchukuliwa kipimo cha fizi cha kutengenezea bitana mama akae siku moja mbili bila kuvaa ili fizi zitulie, kipimo kikichukuliwa fizi zimevimba bitana nayo itatoka na huo uvimbe. Pleti aibebe kwenye mkoba, msiisahau nyumbani.