Naombeni ushauri: nataka kuhamisha diski nzima kabla haijafa

Binti Karatasi: Habari zenu wakuu. Laptopu ya dukani kwangu (steshenari) ina diski ya zamani ya GB 500, iliyojaa kama nusu. Siku hizi inachukua muda mrefu kuwaka, na CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) inaonyesha "Caution" ya njano. Picha za pasipoti na barua za wateja naweza kuzinakili mwenyewe. Kinachoniumiza kichwa ni programu ya mahesabu: aliyeniwekea hapatikani tena. Nataka kuchukua kila kitu pamoja na Windows, nirudishe kwenye SSD (diski mpya ya kasi). Diski ya nje ya TB 1 ninayo. Nitumie programu gani ya bure?

Fundi wa Msamvu: Dada, kabla ya programu yoyote, nakili vitu vya wateja leo hii. Njano hiyo mara nyingi ni sekta zilizoanza kuharibika. Na chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski) usiiguse, itaichosha diski bure.

Mzee wa Tona: Macrium Reflect!

Fundi wa Msamvu: Mzee, ile ya bure ilishakomeshwa, masasisho ya usalama yaliishia Januari 2024. Dada, chukua Clonezilla (programu ya bure ya kunakili diski nzima), iandike kwenye fleshi kwa programu ya Rufus, kisha washa laptopu kwa fleshi hiyo. Chagua device-image, halafu savedisk. Inasoma sehemu zenye data tu na kuzibana, kwa hiyo TB 1 yako inatosha na kubaki. Soma vizuri ukubwa na modeli ya kila diski kabla ya kubonyeza Enter. Siku ya kurejesha ukichanganya sda na sdb (majina ambayo Clonezilla huzipa diski), umeifuta isiyohusika.

Shemeji IT: Menyu za Clonezilla zikikutisha, kuna Rescuezilla. Kazi ni ileile, ila unabofya kwa mausi. Kwanza angalia BitLocker (kufuli la siri la Windows kwenye diski): ikiwa imewashwa, imeji (nakala ya diski) itabeba diski nzima hadi nafasi tupu. Halafu zima Windows kabisa, yaani shikilia Shift ukibofya Shut down. Bila hivyo inalala tu, na Clonezilla inaweza kugoma.

Binti Karatasi: Asanteni sana. BitLocker haijawashwa. Nimeona SSD ya GB 480 kwa bei nzuri, itafaa?

Fundi wa Msamvu: Hapana, Clonezilla itaikataa kwa kuwa ni ndogo kuliko diski ya mwanzo, hata kama data ni nusu. Inawezekana kupunguza patisheni (sehemu diski ilizogawanywa) kwanza, lakini kwa diski inayougua mimi sikushauri. Ongeza hela kidogo uchukue ya 500 au zaidi.

Binti Karatasi: Nitajuaje imeji imetoka salama?

Shemeji IT: Kabla ya kuanza kuhifadhi itakuuliza kama imeji ikaguliwe ikimaliza, kubali. Ikikwama katikati kwa kosa la kusoma, rudia ukiwa umeweka chaguo la -rescue kwenye hali ya wataalamu (Expert mode). Ukisharejesha kwenye SSD, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha. Zote mbili zina kitambulisho kimoja na Windows huchanganyikiwa. Kisha jaribu: printi risiti moja, fungua hayo mahesabu. Ya zamani usiifomati mpaka mwezi upite.