Mrejesho: lile zoezi la mambo matatu kila usiku

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliwauliza kama kuna aliyejaribu zoezi la profesa wa saikolojia wa Marekani, Martin Seligman: kila usiku, wiki nzima, unaandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na kwa nini yalikwenda hivyo. Mkanicheka, eti mwenye deni la kodi ya nyumba ya miezi mitatu anaandika shukrani za nini. Haya.

Siku mbili za mwanzo niliandika "nimekula, nimelala, mvua haikunyesha". Uvivu mtupu. Siku ya tatu baiskeli ikapata pancha Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, jua la saa saba. Fundi akaziba, akakataa hela: "Mama yako aliwahi kunikopesha unga." Usiku ile "kwa nini" ikanitoa jasho, maana sababu haikuwa mimi, ilikuwa bi mkubwa.

Zoezi jingine la Seligman ni barua ya shukrani unayomsomea mtu ana kwa ana. Nikamsomea yeye. Nusu ukurasa tu, akanikatiza: "Mwanangu, unaumwa au unataka kukopa?" Halafu akanipakulia kichwa cha samaki.

Kodi bado nadaiwa. Ila usingizi sasa unakuja kabla ya saa sita, na daftari limefika ukurasa wa 19.