Mada: "Watoto alikimbia" – wakati uliopita kwa watoto wetu

Kutoka: Mama Watatu, Leicester

Assalaam alaykum jamaa.

Naomba msaada kabla hatujapanda ndege mwezi wa saba kwenda Wete. Mwanangu wa miaka 8 anaelewa Kiswahili chote tunachokisema nyumbani, lakini akianza kusimulia mambo ya jana, nacheka huku naona aibu. "Kikombe alivunjika." "Watoto alikimbia." Juzi bibi yake kamuuliza kwenye simu kama alikula skuli, naye akajibu: "Nilikula hapana." Bibi wa watu akadhani mtoto kagombana na chakula!

Nimemwandikia jedwali la ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- nikalibandika kwenye friji. Analisoma kama kasida, akimaliza anarudi palepale. Wenzangu mnafanyaje?

---

Kutoka: Mpemba wa Toronto

Dada, libandue hilo jedwali. Wangu waliliimba wiki mbili na bado hawakuweza kunieleza walivyoanguka na baskeli. Kosa langu mimi lilikuwa kusahihisha kila neno. Mkubwa akachoka, akaamua kunijibu kwa Kiingereza, na sasa ana miaka 16. Zaidi ya hapo sina elimu, namwachia Mwalimu.

---

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Wete

Waalaykum salaam wanangu.

Nimesomesha skuli za msingi hapa Pemba, Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo kosa hili nalijua kwa pande zote mbili. Mtoto si mzembe. Kiingereza kikishafika jana hakijali tena nani katenda: mmoja "ran", mia "ran", paka naye "ran". Ni "was" na "were" tu zinazomtazama mtenda, na wanafunzi wangu walitaabika na hizo mbili kuliko zilizobaki zote. Basi mwanao kalichukua "alikimbia" zimazima, anamgawia kila mtu. Hajatambua kuwa ile "a" ya mbele ni mtu.

Kwa hiyo msimfundishe "li". Anayo tayari, nayo haibadiliki. Mfundisheni kichwa cha neno. Na msianze na mimi, wewe, yeye. Anzeni na vitu vya kushika. Mimi nilikuwa naingia darasani na pakacha: kijiko, ndizi, embe, na paka wa kitambaa aliyeshonwa na mke wangu. Naangusha kimoja, watoto wanapiga kelele: kijiko kilianguka! Naangusha viwili: vilianguka! Paka alianguka, wala si "ilianguka", hata kama ni wa kitambaa (kuna mwaka walibishana juu ya hilo kipindi kizima, nami nikawaacha wabishane). Nikifika kwenye embe, wanacheka. Embe li-li-anguka. "Mwalimu, mbona li mbili?" Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Li ya kwanza ya embe, ya pili ya jana. Ongeza embe la pili, maembe yalianguka: li ya embe imeondoka, ya jana ipo palepale. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake, jedwali halina kazi.

Kukataa kuacheni kwa wiki nyingine, kwa sababu huko "li" inatoka kabisa na "ku" inashika nafasi yake: kilianguka, hakikuanguka; nilikula, sikula. Mtoto atasema "halikuja" kwa baba yake, kwa kuwa kaitia "ha" mbele ya neno alilolizoea. Ana akili huyo, msimcheke. Mjibu kama unayeuliza: "Kumbe baba hakuja? Mbona hakuja?" Atalisikia neno mara mbili na hatojua kama amesahihishwa.

Na mkija huku mjue bibi atasema "kaja", "kenda", "kala". Hiyo ni amekuja, amekwenda, amekula. Mtoto anaweza kudhani ni ile "akaja" ya hadithi. Mwambieni tu kwamba bibi anakata maneno. Msijaribu kumwambia bibi aseme kama kitabu, tafadhalini.

---

Kutoka: Mama Watatu, Leicester

Mwalimu, shikamoo. Jedwali nimelibandua. Sikupata pakacha, nimetumia mfuko wa dukani, na embe la hapa bei yake hainiruhusu kuliangusha, kwa hiyo tumeangusha limau. Limau lilianguka! Alicheka pale pale ulipopasema.

Jana bibi yake alikuwa anamhadithia kwenye simu msimu wa karafuu uliopita: zilianikwa uani, wingu likatanda, watu wote wakatoka mbio kuanua. Mtoto kimya. Mara akauliza: "Na jamvi, bibi? Jamvi lililowa?"

Bibi naye kimya kidogo, kisha akasema: "Lililowa mjukuu wangu, chapachapa." Halafu akaniambia mimi nimpe simu tena huyo huyo, hana haja na mimi.

Kwenye kukataa bado tuko kwenye "halikuja". Baba yake ameshaanza kuitika.